Kiatu cha Baniani na Safari ya Pandharpur

WAHENGA wa pwani yetu walituachia methali isemayo: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Maana yake inajulikana: mtu unayemdharau huenda siku ya shida akawa ndiye mwenye kitu cha kukufaa. Methali hii ina busara na ina dhuluma. Busara yake imo katika kiatu. Dhuluma yake imo katika neno "mbaya", ambalo limebandikwa kwenye jina la mtu bila ya mtu huyo kushitakiwa wala kusikilizwa. Tunaisema sokoni, ofisini na barazani, wala hatujiulizi Baniani huyo alikuwa mbaya kwa nani, na kwa jambo gani.

Leo tunakusudia kumtazama Baniani kwa upande ambao methali haikumtazama, yaani upande wa ibada yake. Na kwa kuwa methali imetaja kiatu, na sisi tutaanzia hapo. Iko nchi ambako viatu vya Mhindu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka mia saba iliyopita hubebwa kila mwaka katika machela ya fedha, na mamia ya maelfu ya wakulima huvifuata kwa miguu, wengine pekupeku, kwa muda wa majuma kama matatu.

DUKA LILIMFICHA MTU

Yafaa kwanza tuyaweke maneno sawa. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Huweza kuwa Mwislamu, Mkristo, Singasinga au mtu wa dini nyingine. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wengi wetu huyachanganya maneno haya mawili, hata baadhi ya waliosoma. Baniani, kwa Kiswahili cha zamani, ni Mhindu mfanyabiashara. Mababu wa wengi wao walitoka Gujarat na Kachchh, wakavuka bahari kwa pepo za msimu, wakaweka maduka Unguja, Mombasa, Tanga na Bagamoyo. Katika karne ya 19 nyumba moja ya biashara ya Kihindu ilikodi forodha ya Sultani wa Unguja kwa miaka mingi. Hivyo ndivyo tulivyomjua Mhindu: kwa mizani, kwa mita ya kupimia nguo, na kwa daftari la mikopo.

Daftari hilo tusilifiche. Wapo waliofilisika kwalo, na wapo waliopoteza mashamba yao ya minazi na mikarafuu. Lakini Mwalimu Nyerere alilionya taifa mapema, mwezi Februari 1967, siku chache tu baada ya Azimio la Arusha, kwamba ujamaa na ubaguzi wa rangi haviwezi kwenda pamoja. Adui aliyetajwa alikuwa unyonyaji. Hakutajwa mtu kwa rangi yake, wala kwa sanamu aliyoiweka nyumbani mwake. Hata hivyo, yapo masikio yaliyosikia "unyonyaji" na vidole vikaelekea kwa Baniani, hata yule mwenye kiduka cha chumvi na viberiti asiyekuwa na akiba ya kumzika mwanawe.

Sisi wenyewe hatujitoi katika lawama hii. Tulipokuwa watoto wa chuo cha Kurani, palikuwa na duka la Mhindu mmoja mzee njiani mwetu. Kila alfajiri, kabla ya kufungua mlango wa mbele, aliwasha utambi mbele ya picha iliyotundikwa ukutani, akasimama kimya, viganja vimekutana kifuani. Sisi tulichungulia kwenye upenyo wa mlango, tukaigiza, tukacheka. Siku moja maalimu wetu alitukuta hapo. Hakutuchapa. Alituuliza swali moja tu: "Nani kati yenu ameamka leo kabla ya mzee huyu, akasali alfajiri kwa wakati wake?" Hakuna aliyejibu. Maalimu aliendelea na njia yake, nasi tukamfuata nyuma, vichwa chini.

Maalimu hakutufundisha kwamba dini zote ni moja. Hakuamini hivyo, nasi hatusemi hivyo leo. Alitufundisha kwamba kucheka ibada ya mtu ni kazi ya asiye na ibada. Funzo hilo ndilo lililotufanya, miaka mingi baadaye, tusome kwa makini habari za mahujaji wa Pandharpur.

SAFARI YENYEWE

Pandharpur ni mji mdogo katika jimbo la Maharashtra, magharibi ya India, kando ya mto Bhima. Mto huo, unapopita mjini hapo, hujipinda kama mwezi mchanga, na kwa hiyo watu huuita Chandrabhaga. Ndani ya mji limo hekalu la Vithoba, aitwaye pia Vitthal. Wanaokwenda kumzuru huitwa Warkari, yaani watu walioshika desturi ya safari. Hawa si matajiri wa Mumbai. Walio wengi ni wakulima na vibarua wa vijijini: watu wa mtama, pamba na vitunguu, katika nchi ambayo sehemu zake nyingi ni kame, na ambako wakulima wengi wamejitoa roho kwa sababu ya madeni. Hatujapata kufika huko. Tunayoyaeleza tumeyapata kwa waliotembea safari hiyo na kuandika waliyoyaona.

Safari kubwa hufanyika kati ya Juni na Julai. Wakati huo pepo za kusi, ndizo zile zile zilizokuwa zikisukuma majahazi yetu kuelekea Bara Hindi, huwa zimefika kwao na mvua. Mkulima hupanda mbegu yake, kisha huiacha ardhini pamoja na matumaini yake yote, akashika njia. Siku ya kilele ni Ekadashi, siku ya kumi na moja tangu kuandama kwa mwezi wao wa Ashadh. Siku hiyo hufungwa, na mji ule mdogo hubeba watu wengi kupita kiasi chake.

Misafara hutoka pande mbalimbali. Mkubwa kupita yote hutoka Alandi, karibu na mji wa Pune, hadi Pandharpur, mwendo wa kilomita kama 250. Huo ndio unaobeba viatu vya Dnyaneshwar, mtawa na mshairi aliyeaga dunia huko Alandi mwaka 1296 angali kijana. Viatu hivyo ni vya fedha, kwa umbo ni kama mitalawanda ya kwetu. Huwekwa ndani ya machela, na machela huwekwa juu ya gari linalokokotwa na maksai. Msafara wa pili kwa umaarufu hutoka kijiji cha Dehu, na hubeba viatu vya Tukaram, mshairi wa karne ya 17.

Mahujaji hutembea katika vikundi viitwavyo dindi. Mbele huwapo wenye bendera za rangi ya zafarani. Hufuata wenye matoazi, kisha mpiga ngoma, na mtu mmoja abebaye zeze ambalo halitakiwi kuwekwa chini ovyo. Wanawake hubeba kichwani chungu chenye mche wa tulsi, mmea ulio jamaa ya mrehani, na wengine hubeba mitungi ya maji ili mwenye kiu asingoje. Shingoni kila mmoja ana shanga za mti wa tulsi. Aliyezivaa ameahidi kutokula nyama na kutokunywa pombe, si kwa safari hiyo tu, bali maisha yake yote.

Chakula chao ni mkate wa mtama na mboga. Malazi yao ni hema, ukumbi wa shule au uwanja wenye matope. Vijijini njiani watu hutoka na mitungi ya maji, chai na mafuta ya kukandia miguu. Vinyozi huwanyoa bure na mafundi viatu huwashonea ndara zilizokatika, wala hawapokei malipo, kwa imani kwamba aliyemsaidia mwenye kwenda naye amekwenda.

Wao kwa wao huitana "Mauli", maana yake Mama. Hilo ndilo jina wanalompa Dnyaneshwar, na kwa sababu hiyo kila mwenye kutembea nyuma ya viatu vyake hupewa jina hilo hilo, awe mwanamume au mwanamke, mzee au kijana. Wanapokutana, kila mmoja huinama na kumgusa mwenzake miguu. Mzee wa miaka sabini humgusa miguu kijana aliyeanza juzi, na kijana humgusa yeye. Sisi ambao tumelelewa katika shikamoo, tunaojua nani wa kuamkia na nani wa kuamkiwa, hatuna budi kulitafakari jambo hili. Hapo heshima haipandi tu kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, bali huenda na kurudi.

Liko pia jambo la utawala ambalo lingefaa kusomwa na kila katibu wa tawi. Jioni msafara wa Alandi unapofika kituoni, dindi zote huzunguka machela, matoazi yakilia kwa nguvu. Mshika fimbo ya fedha huinua fimbo yake, na umati wote hunyamaza. Dindi yenye malalamiko hainyamazi, bali huendelea kugonga matoazi, mpaka wasimamizi wawaendee na kuwauliza wana nini. Shauri husikilizwa pale pale. Baadaye hutangazwa vitu vilivyopotea na vilivyookotwa, na saa ya kuondoka kesho. Hivyo ndivyo umati mkubwa kama mji unavyojiendesha, na mnyonge ana haki ya kupiga kelele mpaka asikilizwe.

TOFALI NA JIWE LA KUSAGIA

Wanamwendea nani? Sanamu ya Vithoba imesimama wima juu ya tofali, mikono kiunoni. Wahindu hao husimulia kwamba palikuwa na mtu aitwaye Pundalik, ambaye ujanani aliwatesa wazazi wake, kisha akatubu na kuwatumikia kwa moyo wote. Mungu wao alimjia mlangoni kumtazama. Pundalik, ambaye wakati huo alikuwa akiwahudumia wazazi, hakuacha kazi yake. Alitupa tofali nje, akamwomba mgeni asimame juu yake asichafuke miguu, amngoje. Mgeni akangoja. Waumini wanasema angali anangoja hata leo.

Kila mmoja na aamue mwenyewe aitazameje hadithi hii. Sisi tuliofundishwa kwamba radhi ya Mola imefungamana na radhi ya wazazi hatuioni kuwa ngeni sana. Mkulima asiyejua kusoma amebeba ndani ya kifua chake hoja nzito: kwamba kumwogesha mama mgonjwa ni ibada ambayo hata mbingu huingojea mlangoni.

Na watakatifu wanaowaheshimu, ukitoa wachache, hawakuwa makabaila. Namdev alitoka katika ukoo wa mafundi wa kushona. Gora alikuwa mfinyanzi. Savata alikuwa mtunza bustani, Narhari alikuwa sonara, na Sena alikuwa kinyozi. Janabai alikuwa mtumishi wa kike nyumbani kwa Namdev; inasimuliwa kwamba alipochoka usiku, Vithoba mwenyewe alikaa naye kwenye jiwe la kusagia, wakasaga nafaka pamoja. Wanawake wa vijijini huko walimwimba Janabai vizazi kwa vizazi huku wakisaga.

Dnyaneshwar alizaliwa katika ukoo wa Kibrahmin, lakini inaelezwa kwamba wazazi wake walitengwa na wakubwa wa dini, na watoto wao wakatengwa pamoja nao. Mnamo mwaka 1290 alikamilisha ufafanuzi wake wa Gita kwa lugha ya Kimarathi, ili mtu asiyejua Kisanskriti, lugha ya wenye vyeo vya dini, naye aelewe. Sisi ambao rafu zetu zina tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969, tunajua thamani ya kuipata dini kwa lugha uliyonyonya pamoja na maziwa ya mama.

Sasa turudi kwenye duka. Tukaram wa Dehu, ambaye viatu vyake hubebwa katika msafara ule wa pili, alikuwa mtu wa tabaka la wakulima ambaye jamaa zake walikuwa na duka la nafaka na walikopesha. Alipokuwa kijana njaa kubwa ilizuka, ikaua watu wengi, na miongoni mwao alikuwamo mkewe. Mapokeo yanasema kwamba baada ya hayo Tukaram alichukua hati za madeni zilizokuwa fungu lake, akaenda nazo hadi mto Indrayani, akazitupa majini. Wadaiwa wakawa huru.

Tunaomba methali yetu isikie habari hii. Alikuwapo Mhindu, mwenye duka, mwenye daftari, aliyelitosa daftari lake mtoni. Wakulima wamevibeba viatu vyake kwa zaidi ya miaka mia tatu. Kiatu hicho kweli ni dawa, na mwenye kiatu hakuwa mbaya.

MLANGO ULIOFUNGWA

Hata hivyo hatuandiki haya ili kumpamba mtu. Safu hii ingekuwa ya uongo kama ingenyamazia aibu iliyokaa ndani ya nyumba hiyo hiyo ya ibada.

Katika karne ya 14 aliishi Chokhamela, mshairi na mchaji, mtu wa jamii ya Mahar. Jamii hiyo ilihesabiwa kuwa ya watu wasioguswa. Chokhamela alimwimbia Vithoba maisha yake yote, lakini hakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha hekalu lake. Aliuawa na ukuta ulioporomoka alipokuwa kazini huko Mangalvedha. Kaburi lake liko nje ya mlango wa hekalu, mbele ya ngazi. Watu wa jamii yake waliendelea kutembea mpaka Pandharpur kwa mamia ya miaka, na safari yao ikaishia kwenye kaburi hilo. Ndani hawakuingia.

Mlango huo ulifunguliwa mwezi Mei 1947, miezi michache kabla ya uhuru wa India. Aliyeufungua hakuwa waziri. Alikuwa mwalimu na mwandishi ajulikanaye kama Sane Guruji, ambaye alizunguka jimbo zima akihubiri jambo hilo, kisha akafunga, akaapa kutokula hadi watu wote waruhusiwe kuingia. Wakubwa wa hekalu walikubali baada ya siku kama kumi.

Lakini mlango kufunguliwa ni jambo moja, na mioyo kufunguka ni jambo lingine. Mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, bibi Irawati Karve, alitembea na mahujaji hao baada ya uhuru. Katika makala yake iliyotolewa kwa Kiingereza mwaka 1962, alieleza jinsi Wabrahmin na Wamaratha walivyoimba pamoja mchana kutwa, kisha jioni wakala mbalimbali, na jinsi jambo hilo lilivyomuumiza moyo. Na Dokta Ambedkar, aliyezaliwa katika jamii ile ile ya Chokhamela na kuongoza kazi ya kuandika katiba ya India, alikitabaruku kitabu chake cha mwaka 1948 juu ya watu wasioguswa kwa kumbukumbu ya Chokhamela na wachaji wengine wawili. Lakini yeye mwenyewe hakungoja zaidi. Mwezi Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliiacha dini ya Kihindu akaingia ya Kibudha, na mamia ya maelfu ya watu wake wakamfuata.

Kwa hiyo tunathubutu kusema hivi: unyofu wa mahujaji peke yake haukutosha kuondoa dhuluma. Lakini ulikuwa ushahidi dhidi ya dhuluma. Miaka yote ambayo mlango ulifungwa, Chokhamela alikuwa akiimbwa na watu wale wale waliopita mlangoni alipozuiwa yeye. Sane Guruji hakuhitaji kuleta hoja kutoka ng'ambo. Aliwataka tu waamini kwa vitendo yale waliyoyaimba.

Mageuzi hayakuishia hapo. Sheria ya jimbo ya mwaka 1973 ililiweka hekalu chini ya kamati, badala ya koo za makuhani zilizolirithi kama shamba. Koo hizo zilikwenda mahakamani, na kesi ikachukua miongo. Mwezi Januari 2014 Mahakama Kuu kabisa ya India iliamua kwamba haki hizo za urithi zimekwisha, na mwaka huo huo kamati ilitangaza nafasi za makuhani kwa watu wa matabaka yote, wanawake pamoja nao.

JE, NI KASUMBA?

Wapo wenzetu waliosoma vitabu vya falsafa ya siasa wakaibuka na jawabu moja kwa kila swali: dini ni kasumba ya kuwalaza wanyonge. Hatuwakatalii moja kwa moja. Tumewaona, katika kila dini na yetu ikiwemo, watu wanaouza subira kwa maskini na kununua magari kwa fedha hiyo. India ya leo nayo ina wanasiasa waligeuzao jina la Mungu kuwa fimbo ya kumpigia jirani.

Lakini kasumba humlaza mtu. Huyu mkulima ameamka saa kumi alfajiri, amekwenda kilomita ishirini juu ya miguu iliyopasuka, jioni amesimama kuimba, na kesho atarudia. Anayedhani huo ni usingizi na ajaribu siku moja tu.

Tena na tuutazame mwisho wa safari, kwa kuwa hapo ndipo unyofu hupimwa. Mwenye bahati na nguvu husimama foleni mchana na usiku, kisha huingia na kukiweka kichwa chake miguuni pa sanamu kwa dakika isiyotimia. Wengi hawaifikii bahati hiyo. Umati ni mkubwa, na nyumbani mimea imeanza kuota na palizi inangoja. Watu hao huoga mtoni, husimama mbali kidogo, huinua macho hadi kwenye kilele cha hekalu, hukunja viganja, basi. Safari yao imekubaliwa. Wanageuka kurudi kijijini.

Ndugu msomaji, lifikiri jambo hili. Mtu ametembea majuma kama matatu, hakuona alichokijia ila ncha ya paa, na anarudi ameridhika. Hakuna cheti alichopewa wala picha yake itakayochapwa gazetini, na deni lake la mbolea liko pale pale. Tukiulizwa unyofu wa ibada ni nini, hatuna mfano ulio wazi kupita huo. Maalimu wetu wa chuoni alizoea kusema kwamba amali hupimwa kwa nia. Ya moyoni anayajua Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini nyayo za mtu zikitoa ushahidi wa aina hii, binadamu mwenziwe hana haki ya kuukataa.

Usiku wa kuamkia Ekadashi, Waziri Kiongozi wa jimbo huja na mkewe kufanya ibada rasmi, na mume na mke waliokuwa mbele katika foleni huchaguliwa kusimama pamoja nao. Ni desturi njema, kwani inamkumbusha mkubwa ni nani mwenye nyumba. Lakini mwaka 2018 Waziri Kiongozi hakwenda, kwa sababu ya vitisho vya waandamanaji waliokuwa wakidai haki ya nafasi za kazi na masomo. Mahujaji walifanya ibada zao kama kawaida. Na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia mikusanyiko, viatu vya watakatifu vilipelekwa Pandharpur kwa basi pamoja na watu wachache, na wakulima walibaki vijijini. Safari ya miguu ya umma ilirudi mwaka 2022, na barabara zikajaa tena. Yote mawili yanaonyesha jambo moja: safari hii ni mali ya wenye kutembea.

JIRANI NA JIRANI

Sisi Waislamu tuna habari yetu ndani ya safari hii. Miongoni mwa washairi wanaoheshimiwa na Warkari yumo Sheikh Muhammad wa Shrigonda, mtu wa njia ya kisufi. Na machela ya Tukaram, mara tu baada ya kutoka Dehu, husimama kwenye kaburi la walii wa Kiislamu aitwaye Anagadh Shah, wakaimba hapo kabla ya kuendelea.

Tarehe 29 Juni 2023, Ekadashi hiyo ya Ashadh na Idi ya kuchinja ziliangukia siku moja. Kwa mwenye kutafuta ugomvi, hiyo ilikuwa nafasi ya pekee: siku ambayo Mhindu amefunga na nyama ni mwiko, ndiyo siku ya Mwislamu kuchinja. Waislamu wa sehemu kadhaa za Maharashtra waliamua wenyewe kwamba watasali Idi yao siku hiyo, na kuchinja watachinja kesho yake, kwa kuwa sheria inatoa nafasi ya siku zaidi ya moja. Dini yao haikupungua kitu, na jirani yao alifunga kwa amani.

Hakuna jeshi lililohitajika kuleta amani hiyo. Walihitajika watu wanaoijua ibada ya jirani kiasi cha kujua ni lini itaumia. Huwezi kumhurumia mtu katika jambo usilolijua.

FUNZO KWETU

Katika nchi yetu tumezoea kusema kwamba Serikali haina dini, bali watu wake wana dini. Ni kauli njema, lakini imekuwa rahisi mno kuisema. Sehemu yake ya pili inatutaka kazi. Ikiwa watu wana dini, basi wajibu wetu ni kuwajua katika dini zao, na wachache wakiwa wa kwanza, kwa sababu wachache ndio rahisi kufanyiwa mzaha. Wahindu wamo miongoni mwetu, na mahekalu yao yamo katika miji yetu. Wapo wenye maduka makubwa, na wapo wasio na kitu. Tunawajua kwa bei zao. Ni wangapi kati yetu wanaozijua siku zao za kufunga?

Walimu wa shule wawafundishe watoto tofauti ya Mhindi na Mhindu. Ni somo la dakika tano. Viongozi wanaoalikwa katika sikukuu za dini, ya yeyote, wakumbuke kuwa msafara unahitaji maji, vyoo na barabara zaidi ya hotuba. Nasi wenye dini tujipime kwa kipimo kile kile tunachowapimia wengine. Tunapomwona mtu amesimama mbele ya utambi wake alfajiri, kabla ya kucheka, tujiulize swali la maalimu.

Methali hatuna uwezo wa kuifuta. Itaendelea kusemwa, kwa maana ndimi zimeizoea. Lakini tunaomba ndugu msomaji, utakapoisikia tena barazani, uwasimulie wenzako habari ya mwenye duka wa Dehu aliyezitosa hati za madeni mtoni, na wakulima wanaovibeba viatu vyake kila mwaka msimu wa kusi. Kisha uwaulize Baniani huyo ubaya wake ni upi.